Kabla ya kuhamia Windows 11: amua kwanza kuhusu programu yako ya zamani

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, swali ni lile lile maofisini na kwenye sekretariati za Lubumbashi, kuanzia mjini hadi komini za Kenya na Katuba: "Fundi, mashine inaniandikia kwamba Windows yangu imefika mwisho. Nikibadilisha, programu yangu ya hesabu itabaki?" Anayeuliza ni mama mwenye duka la dawa, papa mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi, karani wa parokia, au kijana wa uchapaji ambaye CD ya CorelDRAW yake ilipotea zamani. Wengi hujibiwa haraka-haraka, "weka mpya, ya zamani imekufa", na kesho yake wana Windows 11 inayowaka vizuri na daftari la wateja lisilofunguka.

Nasema msimamo wangu mapema ili usome ukijua tunakokwenda. Kinachoamua ni ile programu ambayo ikikosekana Jumatatu asubuhi, kazi inasimama. Windows inafuata baadaye. Na ukiamua kuhama, mfumo mpya unawekwa kwenye diski nyingine. Diski ya zamani inatolewa na kuhifadhiwa bila kuguswa. Ukishika hayo mawili, kila hatua iliyo hapa chini ina njia ya kurudi.

Nini kinakufa, nini kinabaki

Biti 16, 32 na 64 ni vizazi vya programu na mifumo, kutoka ya zamani hadi mpya. Windows 11 ipo kwa biti 64 tu. Programu za biti 32, ambazo ndizo nyingi kwenye kompyuta za watu, bado zinafanya kazi ndani yake. Zinazokufa kabisa ni za biti 16, yaani zile za DOS, mfumo wa maandishi matupu uliotangulia Windows, na za enzi za Windows 3.1. Windows 10 ya biti 32 ilikuwa bado inazibeba, ndiyo maana mtu anashangaa: jana ilifunguka, leo mashine inakataa katakata.

Kundi la pili ni draiva, programu ndogo zinazounganisha Windows na kifaa kama printa, ambazo Windows ya Kifaransa inaziita «pilotes». Draiva ya biti 32 haiingii kwenye mfumo wa biti 64 hata ufanyeje. Hapo ndipo zinapoangukia skana za zamani, baadhi ya printa, na vile vifunguo vya USB au vya LPT (tundu la zamani la printa) ambavyo programu za hesabu hudai viwe vimechomekwa ndipo zifunguke.

Kundi la tatu ni programu zinazotaka kuthibitishwa upya kwa intaneti kila zinapowekwa kwenye mashine mpya. Kampuni ikishazima seva yake, namba yako ya leseni haina wa kuijibu.

Wenye Mac, hasa studio za picha: mpaka wenu ni macOS Catalina ya mwaka 2019. Kuanzia hapo programu zote za biti 32 zimefungiwa mlango. Kama kazi yako inategemea Photoshop ya zamani ya biti 32, usipite Mojave kabla ya kupata mbadala.

Utakachohitaji kabla ya kuanza

- SSD (diski ya kisasa ya kasi) ya ziada, GB 240 kwenda juu. Ya okazioni inafaa kama ni nzima.
- Flashi ya GB 8 au zaidi ya kuwekea Windows. Itafutwa yote, kwa hiyo usitumie ile yenye picha za arusi.
- Diski ya nje ya kuhifadhia nakala ya data.
- CD, faili za kusakinishia na namba za leseni za programu zako, zote zikiwa zimepatikana. "Ziko mahali fulani nyumbani" haihesabiki.
- Bisibisi ndogo, daftari na kalamu.
- Mega za kutosha. Faili la Windows 11 peke yake linapita GB 5, na masasisho yanafuata. Tafuta Wi-Fi ya ofisi, au nunua forfait ya usiku.
- Umeme wa kuaminika. Umeme wa SNEL hukatika bila kupiga hodi, kwa hiyo tumia laptop yenye betri nzima, au onduleur (kifaa cha betri ya akiba) uliyoipima na kuona inashikilia angalau nusu saa.
- Muda usio na presha. Usianze siku zinazokaribia tarehe 15 ya mwezi, siku ya mwisho ya kutangaza TVA (kodi ya ongezeko la thamani), wala mwisho wa mwezi wakati wa mishahara.

Hatua kwa hatua

1. Jua mashine yako ni ipi

Bonyeza Windows na R kwa pamoja, andika winver, kisha Enter. Utaona ni Windows gani na toleo gani. Andika.

Kisha bonyeza Windows na Pause, utafute mstari «Type du système». Ukisoma «Système d'exploitation 64 bits, processeur x64», umeshavuka nusu ya hofu: programu zako za sasa tayari zinaishi kwenye biti 64. Ukisoma «Système d'exploitation 32 bits, processeur x64», simama. Huo ndio mtego. Mashine inaweza kubeba mfumo mpya, lakini huenda ndani yake mna programu ya biti 16 au draiva ya biti 32 ambayo haitavuka.

Windows 11 inadai RAM ya GB 4, diski ya GB 64, Secure Boot (ulinzi wa wakati mashine inawaka), na TPM 2.0 (chipu ya usalama). Andika tpm.msc kwenye lile dirisha la Windows na R uone kama TPM ipo na ni toleo gani. Wakati mwingine ipo ila imezimwa kwenye BIOS, mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka. Prosesa nazo zina mpaka: kwa Intel Core, kwa kawaida ni kizazi cha 8 kwenda juu, kwa AMD, Ryzen za mfululizo wa 2000 kwenda juu. Kizazi unakisoma kwenye jina lenyewe: i5-8250U ni cha 8, i5-6300U ni cha 6. Ukiona hujiamini, programu ya bure ya Microsoft, PC Health Check, itakupa jibu la ndiyo au hapana.

Ukiinunua mashine ya okazioni leo, soma namba hiyo kabla ya kutoa dola. Muuzaji atakuambia "ni Core i5" na kuishia hapo.

2. Orodhesha programu na vifaa

Chora safu nne kwenye daftari: jina na toleo, inafanya kazi gani, data yake iko folda gani, na nani anaitumia. Usiandike kwa kukumbuka. Pita mezani kwa kila mtu na umwambie akufungulie anachotumia. Karani ndiye anayejua kwamba kila Desemba kuna kiprogramu kidogo cha kuchapisha kadi za wanachama, mkurugenzi hakijui.

Ili kujua kama programu ni ya biti 16, ifungue, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc, uende «Détails». Ukiona ntvdm.exe kwenye orodha, ni ya biti 16 au ya DOS. Iwekee alama ya X kubwa: hiyo haitafunguka ndani ya Windows 11 kwa njia ya kawaida.

Andika pia vifaa: printa, skana, printa ya sindano inayotoa fakturi za karatasi ya kaboni, kifunguo cha leseni. Kwa kila kimoja ingia kwenye tovuti ya mtengenezaji, uangalie kama kuna draiva ya biti 64. Fanya hivyo sasa, siyo wateja wakiwa wamepanga mstari.

Na faili za Excel zenye makro (amri zinazojiendesha) ziingie kwenye orodha. Zikiwa ziliandikwa kwa Office ya biti 32, Office ya biti 64 inaweza kuzikataa kwa kulalamikia neno Declare. Dawa ni kuweka Office ya biti 32 kwenye mfumo mpya; inaruhusiwa na inafanya kazi vizuri.

3. Itoe data ndani ya programu

Hapa ndipo nataka utulie kuliko mahali pengine popote. Watu wanahangaika kuiokoa programu, na programu inaweza kubadilishwa. Miaka minane ya madeni ya wateja haibadilishwi.

Kwa mhasibu kuna sheria pia. Kongo iko ndani ya OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, tangu tarehe 12 Septemba 2012, na kanuni za hesabu za OHADA zinataka vitabu vya hesabu na hati zake vihifadhiwe miaka 10. SYSCOHADA (mfumo wa hesabu wa OHADA) iliyorekebishwa ilianza tarehe 1 Januari 2018, na biashara nyingi zilibadilisha programu wakati huo huo, zikaiacha miaka ya nyuma ndani ya ile ya kwanza. Kwa hiyo hata kama hutumii tena programu ya hesabu ya zamani kama Sage Saari, huenda ndiyo peke yake inayoweza kusoma mwaka ambao mkaguzi atauuliza. Kabla ya jambo lingine lolote, fungua kila mwaka na uchapishe kuwa PDF: journal, grand livre na balance. Windows 10 ina «Microsoft Print to PDF» ndani yake, huhitaji kununua kitu. Zipe faili majina yanayoeleweka, kwa mfano 2017-balance.pdf.

Kisha tafuta kama programu ina njia ya kutoa data kwa CSV au Excel. Kama haina, angalia folda yake. Faili zinazoishia na .dbf ni za familia ya dBase na FoxPro, na LibreOffice Calc inazifungua moja kwa moja. LibreOffice inasoma pia faili za Publisher, za CorelDRAW na hata za PageMaker. Mpangilio unaweza kusogea kidogo, lakini maandishi unayapata. Ni ya bure. Iweke kwenye mashine hata kama huna mpango wa kuitumia kila siku.

Mwenye daftari la wabatizwa au la wanafunzi kwenye Access 97, sikiliza vizuri: Access 2013 na zilizofuata hazifungui faili hizo. Access 2010 ndiyo ya mwisho inayoweza kuzigeuza. Tafuta mashine yenye Access 2007 au 2010, geuza faili liwe .accdb leo, na uhifadhi lile la asili pembeni.

Tahadhari: programu nyingi za zamani huandika data ndani ya folda yao wenyewe chini ya Program Files. Tangu Vista, Windows hairuhusu hilo, hivyo inaihamisha data kimyakimya hadi C:\Users\jina lako\AppData\Local\VirtualStore. Mtu ananakili Program Files akidhani amebeba kila kitu, kumbe amebeba data ya mwaka alioisakinisha programu. Fungua VirtualStore, linganisha tarehe za faili, nakili ile yenye tarehe ya leo. Na kama watumiaji ni wawili kwenye mashine moja, kila mmoja ana VirtualStore yake.

4. Hifadhi nakala, kisha ijaribu

Nakili data yote kwenye diski ya nje. Halafu ichomeke kwenye kompyuta nyingine na ufungue faili tano au sita za aina tofauti. Nakala ambayo haijafunguliwa mahali pengine bado si nakala.

Ukitaka kuibeba kompyuta nzima jinsi ilivyo, pakua Disk2vhd, programu ndogo ya bure ya Microsoft. Inageuza diski yako kuwa faili moja ambalo baadaye unaweza kuliwasha ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta yako. Kwa mwenye programu isiyo na CD tena, hilo ndilo linalookoa.

Mwisho, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker (kufuli ya siri ya Windows). Kama imefungwa, chukua ule ufunguo wa tarakimu 48 na uuandike kwenye karatasi kabla ya kugusa BIOS au diski.

5. Sasa amua

Kama mashine inakidhi masharti na kwenye daftari lako hakuna X hata moja, hamia Windows 11. Usisubiri.

Kama programu zako ni za biti 32 lakini mashine ni ya kizazi cha 4 hadi cha 7, huna sababu ya kukimbia. Windows 10 toleo 22H2 inaweza kuandikishwa kwenye mpango wa masasisho ya ziada ya usalama, ESU, unaofika tarehe 13 Oktoba 2026 kwa kompyuta za watu binafsi. Malipo ni dola 30, au bure ukiunganisha mipangilio ya mashine na akaunti yako ya Microsoft. Ingia «Windows Update», utaona mahali pa kujiandikisha. Muda huo ni wa kukusanya pesa za mashine nyingine, usiutumie kusahau.

Kama una programu ya biti 16, una njia tatu: mashine pepe, DOSBox (programu inayoigiza DOS), au kuiacha mashine ya zamani iendelee na kazi hiyo moja ikiwa imekatwa kabisa kwenye intaneti. Hii ya tatu watu wanaidharau, na mimi naipendekeza mara nyingi. Kompyuta yenye Windows XP isiyo na waya wa mtandao wala Wi-Fi, inayofanya fakturi tu, haina hatari kubwa, ilimradi kila flashi inayoingia imepitishwa kwanza kwenye antivirusi ya mashine nyingine. Andaa tu diski ya pili yenye nakala yake, kwa sababu diski ya miaka hiyo itakufa.

Kama huna programu maalum, unaandika barua, unachapa na kuingia intaneti, na mashine ni dhaifu, jaribu Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Toleo la 22 linahudumiwa hadi 2029, linaenda na RAM ya GB 4, na unaweza kulijaribu kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Skana za zamani zilizokosa draiva ya Windows ya biti 64 mara nyingi zinafufuka hapo.

Na kubaki kwenye Windows 7 huku uko mtandaoni? Hapana. Iliachwa Januari 2020, na Chrome ya mwisho inayoikubali ni ya 109, ya Januari 2023. Mwezi Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga kompyuta za hospitali na ofisi duniani kote kwa kupitia tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba miezi miwili kabla. Walioumia ni ambao hawakuwa wamesasisha au walikuwa kwenye mifumo iliyoachwa. Kompyuta yenye hesabu za watu haistahili kuachwa hivyo.

6. Badilisha diski

Zima mashine kabisa, toa waya na betri kama inatoka. Fungua, toa diski ya zamani, ibandikie karatasi: jina la mashine, tarehe, na maneno USIFUTE. Weka SSD mpya. Diski ya zamani ikae kabatini, mbali na mikono ya anayetafuta diski ya kuwekea filamu.

Kwa nini nasisitiza hivi? Ukihama kwa kubonyeza kitufe cha Windows Update, unapewa siku 10 tu za kurudi nyuma, na ukisafisha folda ya Windows.old hata hizo zinapotea. Diski iliyo kabatini haina siku 10.

7. Sakinisha

Pakua kifaa cha kutengenezea flashi kutoka kwenye tovuti ya Microsoft yenyewe. Usipokee Windows "nyepesi" iliyokatwakatwa na mtu usiyemjua, hujui alichokiongeza. Kuna pia njia za kuruka masharti ya TPM na prosesa. Zinafanya kazi kwa mashine kadhaa, lakini Microsoft haikuhakikishii masasisho, na tangu toleo 24H2 la Windows 11 prosesa za zamani sana haziwaki kabisa. Kwa mashine ya kujifunzia, sawa. Kwa mashine inayolisha familia, usiitumie njia hiyo.

Chagua kibodi kwa makini. Mashine zetu ni AZERTY, ila zile zilizotoka Ubelgiji zina mpangilio wa Kibelgiji, tofauti na wa Ufaransa. Chagua vibaya, kisha uweke nenosiri lenye alama, na kesho hutaingia. Wakati wa kusakinisha weka nenosiri la herufi ambazo hazihami kati ya mipangilio, kwa mfano zisizo A, Q, Z, W wala M, utalibadilisha baadaye.

Ukiulizwa namba ya bidhaa, chagua «Je n'ai pas de clé de produit» na uchukue aina ile ile iliyokuwepo, Home kwa Home, Pro kwa Pro. Kama Windows 10 yako ilikuwa halali, leseni imeshika kwenye ubao wa mashine na itajitambua ikiona intaneti. Namba za Windows 7 na 8 hazipokelewi tena tangu Septemba 2023.

8. Rudisha programu moja moja

Weka moja, ijaribu, ndipo uweke nyingine. Ukiziweka zote kwa mkupuo, hutajua ipi iliharibu ipi.

Programu ya zamani isiwekwe ndani ya Program Files. Itengenezee folda kama C:\HESABU, na ile hadithi ya VirtualStore inakwisha. Ikikataa kufunguka, bofya alama yake kwa kitufe cha kulia cha mausi, «Propriétés», «Compatibilité», uchague Windows XP au Windows 7.

Kujaribu maana yake ni kufanya kazi ya kweli: tengeneza fakturi, ichapishe, funga siku, toa ripoti. Kufunguka kwa dirisha la kwanza hakutoshi.

9. Mashine pepe kwa zile zenye X

Weka VirtualBox, ya bure. Inataka RAM ya GB 8 ili upumue, na kwenye BIOS uwashe VT-x au AMD-V, uwezo wa prosesa wa kubeba mashine pepe. Tengeneza mashine mpya, na badala ya diski tupu ipe lile faili la Disk2vhd, au sakinisha upya Windows ya zamani uliyo na leseni yake. Windows ikijikuta kwenye "mwili" mpya inaweza kudai kuthibitishwa tena, kwa hiyo namba iwe karibu. Zima mtandao wa mashine pepe. Data ipitishie kwenye folda ya pamoja.

Kwa programu ya DOS pekee, DOSBox ni nyepesi zaidi, na DOSBox-X inajua kuchapisha. Kwenye faili la mipangilio weka keyboardlayout=fr (au be kwa kibodi ya Kibelgiji), la sivyo utabonyeza A ukapata Q.

10. Diski ya zamani ibaki hadi hesabu za mwezi zifungwe

Endelea kuhifadhi nakala kila jioni, na usiifute diski ya zamani hata kama kila kitu kinaenda vizuri. Ufungaji wa mwezi ndio unaofichua kiprogramu ulichosahau.

Ikigoma

Programu inadai .NET Framework 3.5 (kijalizo cha Windows) na kupakua kunakwama. Huhitaji mega. Chomeka flashi ya Windows, tuseme ni D:, fungua «Invite de commandes» kama msimamizi, uandike: DISM /Online /Enable-Feature /FeatureName:NetFx3 /All /LimitAccess /Source:D:\sources\sxs. Mkwaju wa kinyume kwenye AZERTY ya Ufaransa ni AltGr na 8. Kwenye ya Ubelgiji ni AltGr na kile kitufe cha < kilicho kando ya W.

Programu ni ya biti 32 lakini kisakinishi kinakataliwa. Visakinishi vingi vya miaka ya 1990 vilikuwa vya biti 16 hata kama programu yenyewe ni ya 32. Jaribu kunakili folda nzima kutoka diski ya zamani. Nyingine zinawaka hivyo hivyo. Zisipowaka, nenda hatua ya 9.

Ukibonyeza F1 msaada haufunguki. Faili za .hlp hazisomwi tena tangu Windows 10. Programu yenyewe ni nzima.

Herufi za é na ç zimegeuka alama za ajabu. Kwenye mipangilio ya «Région», tabu «Administration», weka Kifaransa kuwa lugha ya programu zisizo za Unicode, kisha uwashe upya.

Kiasi cha 12,50 kinasomwa kama 1250. Programu na Windows hazikubaliani kuhusu nukta na mkato. Rekebisha alama ya desimali hapo hapo kwenye «Région», na upitie fakturi zote ulizotoa tangu siku ya kuhama.

Programu ya DOS haichapishi kwenye printa ya USB. Ipe printa jina la kushirikiwa, kisha andika: NET USE LPT1 \\jina-la-kompyuta\jina-la-printa /PERSISTENT:YES. Hii ni kwa Windows ya biti 32 au mashine pepe yenye mtandao wa ndani tu. Inafaa kwa printa zinazoelewa maandishi matupu, kama zile za sindano.

Mashine mpya haioni folda ya ile ya XP. XP inazungumza SMB1 (njia ya zamani ya kushirikiana faili) peke yake, na Windows mpya zimeizima kwa sababu ndiyo njia WannaCry aliyopitia. Usiiwashe. Hamisha faili kwa flashi iliyosafishwa. Kama ya zamani ni Windows 7 haina shida hiyo, ila iwekee akaunti yenye nenosiri, maana Windows 11 toleo 24H2 haikubali wageni wasio na jina.

Umerudisha diski ya zamani na haiwaki. Ingia BIOS uangalie kama ulibadilisha «Legacy» kuwa «UEFI» ulipoweka Windows 11. Irudishe jinsi ilivyokuwa. Ikidai ufunguo wa BitLocker, ni zile tarakimu 48 ulizoandika kwenye hatua ya 4. Kama hukuziandika, ingia kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye mashine hiyo, mara nyingi zimehifadhiwa huko.